Vibuyu Viwili vya Namichenga

Masasi, 5 Julai 1905

Mlamu wangu Halfani,

Salamu zikufikie huko juu mlikokaa na upepo. Sisi ni wazima. Mama Pili anakusalimu, na Pili mwenyewe ameota meno mawili, basi nyumba nzima tunauguza vidole. Nakuandikia kwa tarehe ya Kijerumani maana tangu mwaka jana namwandikia akida barua zake na mkono umeshazoea. Wewe nijibu kwa mwezi wako, nitahesabu mwenyewe.

Nina neno moja nami silizungushi. Dada yangu Zena hakuja kwenye matanga ya mama mdogo. Tangu azaliwe hajakosa msiba wa kwetu hata mmoja. Udhuru uliutuma kwa mdomo wa Bi Adija muuza tumbaku, ati miguu inamuuma. Miguu ya Zena? Huyo aliyekuwa akishuka mteremko kuchota maji na kupanda nao kichwani huku anaimba?

Desturi yetu unaijua. Mimi ni kaka mkubwa. Dada zangu nawabeba mpaka niingie kaburini, na watoto wao ni wangu kabla hawajawa wa baba zao. Ulipotaka kumpandisha Newala kwenye shamba la mamako nilikuruhusu, lakini nilikuoza, sikukupa kabisa. Mara mbili mliniletea habari njema, mara mbili nikatuma mbeleko ya kaniki mpya, na mara mbili ikarudi haijafunga mtoto. Sikukulaumu, Mungu ndiye mpaji. Ila mume anayemficha kaka ugonjwa wa dada yake amefanya kosa la kuvunja nyumba, na wewe unalijua hilo.

Niambie kama Zena anaumwa. Mficha uchi hazai.

Mlamu wako,
Nurdini bin Shamte


Newala, mwezi 9 Mfungo Nane 1323

Kwa Baba Pili, mwenzangu wa bakora za chuoni,

Wa baadu, barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama, maana ulinikemea mpaka nikaona aibu kukaa. Zena hajambo. Kukaa kwake nyumbani ni uchovu tu wa kiangazi. Anakuamkia, anasema shikamoo kaka na mama mdogo anamwombea dua kila siku.

Sasa nikupe habari ya furaha. Mimi, kama ujuavyo, ni mtoto wa Ruvuma, na tangu nilipopanda huku juu nimekuwa kama bata aliyefungiwa darini. Watu wa huku samaki wanamjua mkavu tu. Basi nimegundua kidimbwi chini kabisa ya mteremko, wanakiita Namichenga. Wanawake huchota hapo kiangazi visima vingine vikikauka. Ni kidogo, ukitupa kofia upande huu utaiokota upande wa pili, lakini katikati kina kina, na kimejaa mizizi na matete. Ndani yake mna kambale mmoja mkubwa. Nimempa jina la Mkongwe. Kila chambo nilichotia amekila na ndoana akaniachia safi, kama mgeni anayeosha sahani.

Mchana wanawake wamejaa hapo na mitungi yao, hakutegeki. Kwa hiyo nashuka magharibi, nalala kwenye ukingo, napanda alfajiri.

Nina ombi. Mtama wetu umekwisha, huku sasa ni mhogo tu, na mhogo Mkongwe haugusi. Nitumie pishi moja ya mtama na chupa ya mafuta ya mbarika. Kambale anaona kwa pua, na mbarika inanuka mpaka chini ya tope. Na kama utapata njuga, hata mbili tatu, nizifunge kwenye mshipi zinilie nikisinzia. Ndoana pia, kubwa.

Halfani


Masasi, 22 Julai 1905

Mlamu,

Bi Adija anakuletea mtama pishi moja, mafuta ya mbarika chupa moja, njuga sita na ndoana tatu. Nimevifunga kwa mkono wangu mwenyewe, hata nikawa najicheka: mtu mzima na ndevu zake, anacheza na samaki.

Kisha Bi Adija akaniharibia kicheko. Unamjua mama huyu, anatembea Newala na Masasi na tumbaku yake kichwani, na lisilomhusu ndilo analolijua vizuri. Nikamuuliza habari zenu, akatema mate pembeni, akasema: "Baba Pili, mimi si mtu wa maneno. Ila shemejio anatoka magharibi anarudi alfajiri, siku kumi, siku kumi na tano, na samaki simwoni. Hata magamba. Mvuvi gani huyo asiyenuka samaki?"

Nikamwambia kambale hana magamba. Akasema, "Haya, na supu je? Kambale hana supu?" 

Halfani, tuseme kama wanaume. Mke yuko ndani, haonekani kisimani, haonekani msibani. Mume analala nje. Pale Mkunya pana wajane wazuri na njia ya kidimbwini nasikia inapita huko. Kama una nyumba ya pili, dini haikukatazi, sema wazi na mwenzio ajue. Lakini kama unamfungia dada yangu ndani ili asiwe na macho ya kukuona, mimi na wewe tutakosana vibaya. Mwachie aje Masasi na Bi Adija safari hii. Miguu ikimuuma, nitatuma watu wa machela.

Nurdini


Newala, mwezi 25 Mfungo Nane

Baba Pili,

Mzigo umefika, na maneno ya Bi Adija nayo yamefika. Nimecheka, kisha nimekasirika, kisha nimecheka tena. Mwanamke wa kulala Namichenga pamoja na mbu na mimi hajazaliwa bado.

Sikiliza usiku wangu ulivyo, uhukumu mwenyewe. Nashuka baada ya kuswali magharibi. Moto siwashi, maana Mkongwe akiona mwanga anazama na harudi mpaka kesho. Nakanda ugali wa mtama kwa mafuta ya mbarika, nafinyanga madonge kama ndimu, moja naliweka kwenye ndoana, mengine natupa majini kumpa hamu. Mshipi naupitisha kwenye ufito niliouchomeka ukingoni, na njuga zako zinaning'inia juu ya ufito. Halafu nakaa. Ndiyo kazi yenyewe, kukaa. Vyura wananitukana, baridi ya Julai inaniingia mifupani, na nikikohoa tu nimepoteza saa nzima.

Njuga zikilia kwa fujo, najua ni vidagaa vinadokoa. Mkongwe halizi njuga. Ananyanyua chambo kwa midomo, polepole, unasikia mlio mmoja tu, mwembamba, na ukigusa mshipi ameshaachia. Juzi karibu na alfajiri alipanda juu kuvuta pumzi, nikamwona. Kichwa kipana kama jembe, sharubu ndefu, akanitazama. Nakuapia alinitazama! Nimemuota usiku uliofuata, na mchana wake pia.

Ndiyo maana huoni samaki. Mimi nimeshindwa, na kushindwa hakunuki.

Machela usitume. Zena hatakuja mwezi huu wala ujao, na si kwamba nimemfungia. Ningeweza kukueleza ningekueleza. Naomba uniamini kama ulivyoniamini siku ile chuoni nilipokubali kuchapwa bakora zako.

Halfani


Masasi, 17 Agosti 1905

Halfani,

Nimefunga mlango na naandika kwa taa ndogo. Barua hii ukiisoma uichome.

Huko hamjasikia? Kaskazini watu wamesimama, Wamatumbi kwanza na wengine wanafuata. Wanasema kuna dawa, ukinyunyiziwa risasi ya Mdachi inageuka maji. Jana akida aliniita niandike amri kwa majumbe wote, nikaiandika kwa kalamu yangu hii hii. Kila mtu anayekwenda kwenye vidimbwi usiku atajwe. Kila anayebeba maji vibuyuni gizani atajwe. Kisha akida akanisomea dawa yenyewe inavyotengenezwa, ili nayo niiandike. Maji, mtama, na mafuta ya mbarika.

Kalamu ilinidondoka. Akaniuliza, "Unaumwa?" Nikasema homa.

Mtama, Halfani! Mbarika! Na njuga juu yake, ambazo kila mganga anazo miguuni! Ulinituma nikakununulia vifaa vya mganga wa vita, nikavifunga kwa mkono wangu, nikakuletea, na mimi ni mwandishi wa akida. Wakinyonga mmoja watanyonga wawili.

Nilijaribu kujiambia ni samaki. Nilitaka sana iwe ni samaki. Lakini Bi Adija amerudi jana, nikambana, akaniambia jambo alilokuwa amelificha kwa sababu, anasema, hata yeye lilimwogopesha. Alidamka kuwahi njia, akakukuta unapanda mteremko na mzega begani, na kwenye mzega vibuyu viwili vimejaa maji. Ulipomwona ukajificha kichakani.

Huko kwenu mwanamume hachoti maji. Afadhali aonekane uchi. Nimekaa kwenu, najua. Sasa mwanamume anayepanda na maji gizani, na anajificha, maji hayo ni ya nani? Unampelekea nani? Na Zena umemfungia ndani kwa sababu ameona nini?

Nijibu kwa mkono huu huu wa Bi Adija. Maji ni ya nani. Neno moja tu linatosha.

Nurdini


Newala, mwezi 18 Mfungo Tisa

Baba Pili,

Bi Adija yuko uani anangoja, anakataa hata kukaa, na uji niliompa ameukataa. Basi nimejua hali yangu kwako imefika wapi.

Dawa ya vita siijui. Kuna watu walipita huku wakaongea na vijana usiku, nami sikwenda kuwasikiliza kwa sababu nilikuwa kidimbwini. Utacheka, lakini ni kweli.

Vibuyu ni vyangu. Maji nachota. Nilijificha kwa aibu, si kwa hatia, maana Bi Adija akiona mwanamume na maji, Masasi nzima itakunywa habari hiyo kabla ya jioni. Maji ni ya nani, hilo ndilo ninaloshindwa kukuandikia. Nimeshikishwa Msahafu. Aliyenishikisha ana haki juu yangu kuliko wewe, na sababu yake si ya uovu. Nikivunja kiapo na kisha likatokea tunaloliogopa, sitajisamehe, na wewe hutajisamehe.

Nikuombe jambo moja. Njoo. Sema akida amekutuma kwa jumbe wa huku. Njoo ukae na mimi usiku mmoja Namichenga, ujionee huyo mganga anavyopigwa na baridi. Utaona nachota nini na napeleka wapi kwa macho yako, nami nitakuwa sikusema kwa mdomo. Au ngoja tu mpaka Rajabu iishe. Mwezi mmoja na siku kidogo, mlamu. Baada ya hapo nitakuwa na la kukuambia, na litakufurahisha mpaka utalia.

Barua zako sikuzichoma. Sina mtu mwingine anayeniandikia.

Mkongwe juzi alivuta. Alivuta kweli! Mshipi ulinikata kiganja.

Halfani


Masasi, 24 Agosti 1905

Kwa Mheshimiwa Akida,

Kwa adabu na utiifu, kwa kufuata amri uliyonipa kuiandika, natoa jina lifuatalo. Halfani, mkaaji wa Newala, hulala usiku kwenye kidimbwi kiitwacho Namichenga na hupanda alfajiri na vibuyu vya maji. Anao mtama, mafuta ya mbarika na njuga. Alipoulizwa maji ni ya nani alikataa kusema, akataja kiapo.

Mtu huyu ameoa kwetu. Naomba dada yangu aliye nyumbani kwake asiguswe.

Vitu hivyo alivipata wapi sijui.

Mtumishi wako,
Nurdini bin Shamte


Newala, mwezi 6 Rajabu

Kwa kaka yangu Nurdini,

Anayeandika ni Mwalimu Bartholomayo wa misheni, aliyesoma chuoni kabla ya kubatizwa, kwa hiyo anazijua herufi zako za Kiarabu. Maneno ni yangu, Zena. Nimemwambia asipunguze wala asitie asali.

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, si kwa sababu nyingine.

Nasikia Masasi mlivamiwa mkakimbilia vilimani, na nyumba zimechomwa. Namshukuru Mungu kwa Mama Pili na mtoto. Sasa nikupe habari za hapa.

Askari walishuka Namichenga usiku wa mwezi ishirini na saba Mfungo Tisa. Halfani alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, mshipi umemzunguka mkononi, na yule samaki wake yumo kwenye ndoana. Miezi miwili alimngoja. Alikuwa anamvuta waliposimama nyuma yake. Walikata mshipi kwa panga na wakamfunga kwa huo huo.

Walimleta kwenye baraza la jumbe na vitu vyote wakavipanga chini: mtama, chupa, njuga, vibuyu. Wakamuuliza maji ni ya nani. Hapo alivunja kiapo changu, nami nimeshamsamehe. Akasema, "Ya mke wangu. Ana mimba, mkunga amemkataza mteremko." Askari wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha mkubwa wao akawageukia watu wa hapa, akauliza kwa upole kabisa: huku kwenu mwanamume humchotea mkewe maji? Wazee wakatazamana. Wakasema hapana, bwana, huku halipo jambo hilo. Hawakudanganya, kaka. Akawauliza wanawake: mke wa mtu huyu ana mimba? Wakasema hatujasikia. Nao hawakudanganya. Tulikuwa tumeificha vizuri mno.

Ndiyo, ilikuwa mimba. Ya tatu. Zile mbili nilikutangazia mwezi wa tatu tu, ukatuma mbeleko, ukawaambia watu wa Masasi wote, na zote zikatoka. Sisemi ni jicho lako. Ila hii ya tatu nilimshikisha Halfani Msahafu kwamba hatamwambia mtu yeyote mpaka mtoto alie, na hasa wewe, kwa kuwa furaha yako haijui kukaa kimya. Mama Bibiana, mkunga wetu, aliniambia nikishuka kisimani mara moja tu nitaipoteza. Sina binti. Ningemwomba jirani anichotee, angeuliza kwa nini. Basi Halfani akasema, "Mimi nitavua samaki." Ndivyo ilivyoanza. Alishuka kwa ajili ya maji, samaki akamkuta huko huko, na sitakudanganya, kuna usiku nilimwonea wivu kambale yule.

Niliposikia kelele za barazani nilitoka. Nilitembea hapo mbele ya watu wote, nikalifunua tumbo langu mbele ya askari, mimi dada yako. Mkubwa wao akanitazama akasema, mganga naye ana mke, mke naye ana mimba, hilo halionyeshi kitu. Nani alimpa mtama na mbarika?

Halfani alikuwa ameshaambiwa pale pale kwamba jina lake limetoka Masasi kwa mkono wa mlamu wake. Alikuwa anajua. Akasema, "Nilinunua njiani kwa mtu nisiyemjua."

Barua zako zilikuwa kwenye makuti, juu ya kitanda chetu. Angesema neno moja wangezitoa. Mwalimu amenisomea zote. Ile ya Julai 22 inasema: "Nimevifunga kwa mkono wangu mwenyewe." Ile ya kwanza inasema mficha uchi hazai.

Nimezaa. Usiku huo huo, kabla ya jogoo. Yu hai na analia kwa nguvu. Jina lake hutalijua.

Mume wangu wamempeleka pwani na mnyororo shingoni. Wanasema wenye dawa wananyongwa. Wewe ulimwandikia akida, nayo ikasomwa barazani, kwamba hujui vitu vile alivipata wapi. Sikutishi. Barua zitabaki kwenye makuti, wala sitazitoa, kwa kuwa yeye hakuzitoa. Nakuambia tu kwamba zipo, na kwamba wewe unajua.

Zena


Newala, mwezi 14 Ramadhani

Kwa Halfani,

Ningekuanza kwa jina la mwanao, kama inavyostahili mtu aliyezaa, lakini jina sijaambiwa.

Tangu tulipoonana pwani, wewe kwenye mnyororo na mimi natoka kuchapwa, sikuweza kukuandikia. Kalamu nilikuwa nikiishika inanitia kinyaa. Uandishi wa akida nimeacha, au umeniacha mimi, sijui. Nilipowaambia wale mabwana kwamba mtama ni wangu, mbarika ni yangu, njuga nilizinunua mimi kwa ajili ya samaki, walinitazama kama mwendawazimu, wakanipa viboko vyangu hamsa ishirini, na kamba yako ya kunyongwa ikageuka mnyororo wa miezi sita. Ningekuja wiki moja kabla, hukumu haijaandikwa, ungekuwa nyumbani. Nilikaa vilimani siku tisa na barua ya Zena kifuani, nikijiambia njia si salama. Njia ilikuwa salama. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa.

Mama Pili amebaki Masasi kwa nduguze. Mimi niko hapa tangu Shaabani. Zena hakunifukuza, ila hasemi nami. Nalala kwenye ghala la mhogo.

Siku ya kwanza nilishuka Namichenga usiku, na mzega wako. Niliona haya kama wewe. Nilikaa ukingoni kungoja giza la alfajiri, na nikasema basi, na mimi nitege, nione kilichonigharimu mlamu wangu. Nilikaa kwenye baridi ile, na vyura wale, usiku kucha. Mara ukasikika mlio mmoja mwembamba, kama ulivyoniandikia. Nikagusa mshipi, hayupo. Karibu na alfajiri akapanda kuvuta pumzi. Kichwa kama jembe, na mdomoni kinaning'inia kipande cha mshipi wako. Nililia pale, Halfani. Kila neno ulilokuwa umeniandikia lilikuwa kweli, mpaka sharubu.

Tangu siku hiyo sishuki usiku. Nashuka mchana, jua likiwa kali na wanawake wamejaa, na sasa nimefunga Ramadhani. Siku za mwanzo walikuwa wakinipigia vigelegele: "Bwana harusi wa mtungi kaja!" Bi Adija alipita akaketi kabisa chini ya kivuli ili acheke vizuri. Mgongo wangu umepona, isipokuwa pale mzega unapogusa. Kila siku vibuyu viwili. Namimina mtungini uani, ndani mtoto analia, nami naondoka.

Mbeleko ya tatu niliinunua pwani siku ile ya viboko. Imekaa mfukoni mwangu tangu hapo. Niliogopa kuitoa, nisije nikaonekana natangaza tena.

Barua hii niliiacha hapo juu siku mbili, nikikosa la kuimalizia. Sasa naimaliza.

Leo asubuhi wamepita wanaume wawili na mzega, wanashuka Namichenga. Mmoja mkewe amejifungua juzi. Hawakunisalimia, walitazama chini, lakini walikuwa wanashuka mchana.

Nilipokuwa namimina maji, Zena alitoka mlangoni na mtoto mkononi.  Kisha akasema, "Mbeleko hukuleta?"

Nikaitoa. Imekunjamana, ina jasho na vumbi la mteremko. Hakuitikisa hata vumbi. Akamfunga mtoto mgongoni, akageuka ili nimwone uso, akamwambia, si mimi, mtoto, "Sijaona, huyu mjomba wako anatuchotea maji mpaka baba yako aje akuone."

Ni msichana, ana paji lako la uso.

Siku zilizobaki nimezihesabu. Kidimbwi hakijakauka, Mkongwe hakuna aliyemgusa, na akishikwa na mtu mwingine huyo mtu nitampiga. Rudi salama, Baba Sijaona.

Mlamu wako,
Nurdini